Kura ya Miaka 16 Ianzie Kitongojini

  Mama zangu mlio jikoni, baba zangu mnaorudi kutoka mwaloni Mwigobero na Makoko, ndugu zangu wa Bunda mjini, wa Nyasura na Kibara, nanyi wa Butiama, kuanzia Kiabakari mpaka Buhemba, karibuni. Na ninyi vijana wa sekondari, leo msiondoke karibu na redio. Mara nyingi sisi watu wazima huwazungumzia mkiwa mmekaa hapo hapo, kama vile hamsikii. Leo nataka niwazungumzie mkisikia, na nikisema lisilo kweli mnisahihishe.

Swali letu ni hili: kijana wa miaka 16 apewe haki ya kupiga kura, au aendelee kusubiri mpaka atimize 18 kama ilivyo sasa?

Najua wengine mmeshatikisa kichwa. Mtoto ambaye asubuhi umemuuliza kama amefua sare, jioni umpe kura achague kiongozi? Tulieni kidogo, tutafika hapo. Msimamo wangu nautaja mapema ili msipate taabu ya kuutafuta: nasema apewe. Na nasema ianzie chini kabisa, kwenye kitongoji, kijiji na mtaa, yaani katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Sababu yangu kubwa ni moja, nayo nitairudia mpaka mwisho wa mazungumzo haya: anayeamuliwa mambo yake awe na kura juu ya anayeyaamua.

Tuanze na sheria. Ibara ya 5 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Sawa. Lakini nikuulize, msikilizaji: ni kweli Mtanzania huanza kupiga kura akiwa na miaka 18? Hebu tuhesabu pamoja.

Chukua binti aliyezaliwa Bunda mwezi Novemba mwaka 2007. Uchaguzi mkuu ulifanyika Oktoba 29, 2025. Siku hiyo binti yetu alikuwa na miaka 17, amebakiza siku chache tu. Akakosa. Uchaguzi mkuu unaofuata ni wa mwaka 2030. Wakati huo atakuwa na miaka 22, anaigonga 23. Ataingia kwenye chumba cha kupigia kura kwa mara ya kwanza pengine akiwa ameshaolewa, ana watoto wawili, ameshalima pamba misimu kadhaa na kuiuza kwa bei aliyopangiwa. Bunge lililotunga sheria zilizomgusa katika miaka yote hiyo litakuwa limemaliza muda wake, naye hakuchangia hata kura moja. Kwenye serikali za mitaa ni vivyo hivyo. Uchaguzi ulikuwa Novemba 27, 2024. Aliyetimiza 18 mwezi Desemba mwaka ule atasubiri mpaka 2029.

Mmeona hesabu hiyo? Kwa vitendo, umri wa kura ya kwanza hapa kwetu ni popote kati ya 18 na 23, kutegemea mama yako alikuzaa mwezi gani. Tukiushusha mpaka 16, hata yule atakayekosa kwa siku moja ataanza kabla hajafika 21. Kwa hiyo anayesema "miaka miwili tu, wasubiri" ajue kwamba wengi hawasubiri miaka miwili. Tangu watimize 16 wanasubiri minne, wengine karibu saba.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawakuliona. Septemba 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuja mkoani kwetu Mara kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Nani waliruhusiwa kujiandikisha? Waliotimiza 18, ndiyo, pamoja na yeyote ambaye angetimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi mwaka uliofuata. Sasa fikirieni kijana aliyezaliwa katikati ya Oktoba 2007. Septemba ile alikuwa na miaka 16 na miezi kumi na kitu. Aliruhusiwa kupanga foleni pamoja na baba yake, kuweka alama za vidole, kupigwa picha na kurudi nyumbani na kadi ya mpiga kura mfukoni. Nchi yetu, kwa utaratibu wake yenyewe, imekubali kuliandika jina la mtu wa miaka 16 kwenye daftari na kumkabidhi kadi. Kilichobaki ni kumruhusu aitumie.

Sasa tutoke kwenye daftari, twende kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Huo ndio mkutano unaowachagua wenyeviti na wajumbe, unaosomewa mapato na matumizi, unaoridhia ardhi ya kijiji apewe nani. Ni mkutano mzito. Lakini niambieni, mambo yanayozungumzwa pale yanamwangukia nani?

Bomba la kijiji likiharibika, anayeamka saa kumi na moja alfajiri na ndoo ni nani? Shule ya kata ikijengwa mbali, anayekwenda kwa miguu mvua ikinyesha na jua likiwaka ni nani? Kule Kunzugu na Hunyari, tembo wakitoka hifadhini usiku na kuingia kwenye mahindi, anayetumwa kukesha shambani na tochi na debe la kupiga kelele, mara nyingi ni nani? Ni huyu huyu wa miaka 16. Anaujua ubovu wa daraja kuliko mwenyekiti, kwa sababu analivuka kila siku. Akienda dukani kununua sabuni au soda, kodi ya ongezeko la thamani inamkata kama inavyomkata mtumishi wa halmashauri. Mkono wake wa kazi tunauhitaji kila siku. Mkono huo huo ukinyooshwa mkutanini, hauhesabiwi.

Au wakumbukeni ndugu zetu wa Nyatwali, pale Bunda kando ya Ghuba ya Speke. Walihamishwa ili eneo lao liingizwe kwenye hifadhi na wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Tulisikia mengi kuhusu fidia, tathmini, nani kalipwa na nani analalamika. Watu wazima walikuwa na majina kwenye karatasi. Lakini kijana wa kidato cha tatu alihama vilevile. Aliacha shule, marafiki na ziwa aliloogelea tangu utotoni. Hakuwa na sauti kwa diwani, kwa mbunge wala kwa mwenyekiti wa mtaa. Anayeamuliwa mambo yake awe na kura juu ya anayeyaamua. Nimesema nitairudia.

Sasa, wasikilizaji wangu, hapa nataka nipunguze mwendo, kwa sababu hapa ndipo hasa jambo hili linaponiuma, na linatugusa sisi wa Mara kuliko mikoa mingi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana ni 18. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakwenda kinyume cha Katiba. Ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Baada ya hapo miaka ikapita, Bunge likakaa, likaahirishwa, likakaa tena, na vifungu vikabaki mahali pake.

Kwa nini? Tutasikia kwamba wadau bado wanatoa maoni, kwamba kuna mila, kwamba kuna dini. Mimi naona sababu iliyo wazi zaidi. Nani anaumizwa na sheria hii? Binti wa miaka 15, 16, 17. Je, binti huyo ana kura? Hana. Basi mbunge anapoteza nini akichelewa? Hapotezi kitu. Wanaoweza kumwondoa kwenye kiti ni baba wa binti, mjomba wa binti, na mzee aliyekwisha kuwahesabu ng'ombe wa mahari. Yeye mwenyewe anayepelekwa kwa mume hana cha kumtisha nacho mtu yeyote.

Tuje kwenye ukeketaji. Nazungumza kwa heshima ya wazee wangu wote, na najua wengi wenu mmeuacha na mnaupinga. Lakini tusidanganyane. Tangu mwaka 1998 sheria imeufanya kuwa kosa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, kila inapofika Desemba, hasa miaka ile ya msimu ambayo koo hujiandaa, wapo mabinti wanaokimbia nyumbani usiku na kutafuta hifadhi kwenye nyumba salama, hapa Butiama na kule Mugumu. Mtoto anamkimbia mama yake mzazi ili asikatwe.

Kabla hajakimbia, nani wa kwanza kujua kwamba jambo linaandaliwa? Si mkuu wa wilaya, wala si polisi. Ni mwenyekiti wa kitongoji. Anaona pombe inapikwa, anawaona wageni, anajua ngariba amelala nyumba gani. Anajua. Halafu anapima: nikitoa taarifa, nani ataniangusha uchaguzi ujao? Wazee wa ukoo wana kura. Baba ana kura. Hata ngariba ana kura. Mabinti kumi na wawili wa kitongoji kile, wenye miaka 16 na 17, hawana hata moja.

Sasa wape kura. Mwenyekiti huyo huyo, mwenye akili ile ile na woga ule ule, atapima upya. Kwenye kitongoji watu hushindana kwa kura chache, wakati mwingine tano, wakati mwingine kumi. Mabinti kumi na wawili na kaka zao wanaowaonea huruma wanaweza kumweka mtu au kumwondoa. Sisemi kwamba ukeketaji utakwisha kwa karatasi ya kura. Nasema kiongozi wa kwanza kabisa kwenye ngazi atakuwa na sababu mpya ya kuwasikiliza, nayo ni sababu anayoielewa vizuri kuliko semina.

Hapo naisikia hoja moja nzito, na nimeifikiria sana. Kuna msikilizaji anasema: "Wewe unacheza na moto. Ukishasema mtu wa miaka 16 ni mkubwa wa kutosha kupiga kura, kesho watakuja wanaotaka kumwoa waseme basi ni mkubwa wa kutosha kuolewa." Hoja hii siibezi. Kwetu hapa kuna watu wataitumia kweli, tena haraka.

Lakini tazameni jinsi sheria zetu zilivyo. Kupiga kura ni miaka 18. Kugombea ubunge ni 21. Kugombea urais ni 40. Kuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa umeruhusiwa kupiga kura ukiwa na 18, basi unaweza kuwa Rais ukiwa na 18? Hakuna. Kila jambo lina umri wake, kwa kadiri ya uzito wake na hatari yake kwa mhusika. Kura haiuvunji mwili wa mtoto. Haimwachishi shule. Ukichagua vibaya, miaka mitano ikiisha unachagua tena. Ndoa ya utotoni na wembe wa ngariba havina uchaguzi wa marudio. Kwa hiyo ulinzi wa mtoto ubaki 18, na kwenye ndoa upandishwe ufike 18 kwa binti kama ulivyo kwa mvulana, na kura ishuke 16. Mambo haya mawili hayapingani. Nguvu ya kura ndiyo itakayosaidia kuulinda ule ulinzi.

Twende kwenye pingamizi jingine, lile la wengi: hawajakomaa. Watoto wa siku hizi akili yao iko kwenye simu.

Nitawakumbusha jambo, hasa ninyi wa Butiama. Mwaka 1958, uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulipokaribia, Mwingereza aliweka masharti ya mpiga kura. Awe na miaka 21, na juu ya hapo awe na kipato kilichotajwa, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambulika. Tena kila mpiga kura alitakiwa kuwapigia kura watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima na wavuvi wengi wa nchi hii, watu wazima wenye wake, watoto na mvi, waliachwa nje. Kwa nini? Kwa sababu, ilisemekana, hawajawa tayari. Chama cha TANU kilikaa Tabora Januari mwaka ule kikabishana vikali kama kisusie au kiingie, na Mwalimu Julius Nyerere, kijana wa hapa Butiama aliyeanzia darasa la kwanza Mwisenge, akakishawishi kiingie. Kikaingia, kikashinda. Babu zetu walikuwa wameambiwa hawajakomaa, na waliowaambia hivyo walikosea.

Sisemi kijana wa 16 ni sawa na mtu mzima kwa kila jambo. Hasira zake ni za haraka, huo ni ukweli, na yeyote anayelea anajua. Lakini kuchagua mwenyekiti wa kitongoji kunahitaji akili gani hasa? Kujua nani mwizi wa michango. Kujua nani hupatanisha na nani huchochea. Kujua nani alikuja msibani na nani hakuja. Kijana wa kidato cha nne aliyezaliwa na kukulia pale anajua yote hayo. Na usisahau kwamba wakati huo anasoma uraia darasani: muundo wa serikali ya kijiji, kazi za halmashauri, haki na wajibu. Anajibu maswali hayo kwenye mtihani wa taifa. Tunamfundisha, tunamsahihisha, tunampa alama, kisha tunamwambia asubiri mpaka ayasahau.

Kwa sababu hebu jiulizeni, akitimiza 18 anakuwa wapi? Mmoja yuko Mwanza anaendesha bodaboda. Mwingine yuko machimbo. Mwingine kaolewa Simiyu, mwingine anauza nguo Dar es Salaam. Amejiandikisha Musoma, anaishi kwingine, nauli ya kurudi kupiga kura hana. Ndiyo umri mbaya kabisa wa kumwanzisha mtu tabia ya kupiga kura, kwa kuwa hajatulia popote. Wa miaka 16 bado yuko nyumbani, au bweni la karibu. Kituo ni kile kile anachokwenda mama yake. Wenzetu Austria walishusha umri hadi 16 mwaka 2007, na watafiti walioangalia mji wa Vienna waliona vijana wa 16 na 17 wakijitokeza zaidi kuliko kaka zao wa 18 hadi 20. Brazili imewaruhusu tangu Katiba yao ya 1988, bila kuwalazimisha. Uskoti iliwapa kura hata kwenye swali kubwa kuliko yote, la kujitenga au kubaki na Uingereza, mwaka 2014. Nchi hizo zina mambo yao nasi tuna yetu, kwa hiyo sitaki kuzitegemea sana. Nazitaja ili msidhani jambo hili limeokotwa jana.

Pingamizi la tatu: watanunuliwa. Watapewa fulana na kofia. Mwalimu mkuu atawaambia nani wa kumpigia, na baba naye atamwamuru binti.

Hilo ni kweli linaweza kutokea. Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vililalamika kwamba wanafunzi walio chini ya miaka 18 wameingizwa kwenye orodha. Malalamiko yale yalinisumbua, na hapa lazima tuwe makini sana. Mtoto anayeingizwa kwenye orodha kinyemela, kwa faida ya mtu mwingine, anatumiwa. Mtoto mwenye haki yake kisheria, anayejulikana, aliyeandikwa waziwazi, anapiga kura ya siri ambayo mwalimu haioni. Tofauti ni kubwa. Hatari ile ya kutumiwa inapatikana zaidi pale sheria inapomficha.

Kuhusu fulana, jamani, tuseme ukweli: nani anayezipokea leo? Si sisi watu wazima? Nani anayepanda lori kwenda mkutanini kwa ahadi ya nauli na soda? Hakuna aliyewahi kupendekeza mtu wa miaka 45 anyang'anywe kura kwa kuwa alipokea kanga. Tunasema mtoaji akamatwe. Basi tuseme hivyo hivyo kwa kijana, na tuongeze masharti: kampeni zisikanyage shuleni, vituo visiwekwe madarasani mwao, na mwalimu atakayemshurutisha mwanafunzi aadhibiwe vikali. Baba anayemwamuru binti nani wa kumpigia, anamwamuru mkewe pia. Dawa yake ni ile ile, chumba chenye pazia.

Halafu kuna msikilizaji ambaye hajasema kitu mpaka sasa. Ameinama anasikiliza, anajiuliza: kura ya mtu mzima yenyewe ina thamani gani, mpaka tuwaongeze watoto? Ndugu yangu, swali lako ni zito kuliko yote. Mwaka 2019 sehemu nyingi za nchi hii zilipata wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji bila kupiga kura, kwa sababu mgombea alibaki mmoja. Na Oktoba 29, 2025, na siku zilizofuata, nchi yetu ilipita kwenye majonzi makubwa. Watu walikufa, na Serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Mwaka uliotangulia tuliona Kenya vijana wakijaa barabarani kupinga muswada wa fedha, hadi wakaingia bungeni Nairobi, na nao wakapoteza wenzao.

Sipo hapa kumhukumu mtu. Lakini kama mzazi niliye na vijana nyumbani, najiuliza: kijana akiwa na jambo, tumemwachia mlango gani? Mkutano wa kijiji haumhesabu. Uchaguzi haumhesabu. Mabaraza ya Watoto tunayo, hukutana, hupamba sherehe ya Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, husoma risala mbele ya mgeni rasmi, na risala ikishasomwa hukabidhiwa kwenye bahasha. Bahasha hiyo hailazimishi mtu kufanya lolote. Na ile Juni 16 yenyewe ni kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa elimu waliyoamuliwa bila kuulizwa. Ninaamini kwamba kijana aliyemwondoa mwenyekiti wa kitongoji kwa kura yake akiwa na miaka 16, na akaona kweli ameondoka, atakuwa mkali wa kudai kura yake ihesabiwe vizuri akiwa na miaka 25. Uchaguzi safi utaletwa na watu waliozoea uchaguzi na kuulinda kwa wivu.

Ndiyo maana nasema tuanzie kitongojini. Mtoto wa Musoma hafundishwi kuogelea katikati ya ziwa. Huanzia ufukweni, maji yanapomfika kiunoni, wakubwa wakimwona. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni wa mwaka 2029. Muda upo. Sheria za serikali za mitaa zirekebishwe, na Katiba pale inapobidi, ili mkazi wa miaka 16 apige kura ya mwenyekiti na wajumbe wa kijiji, mtaa na kitongoji chake. Tuangalie inakwendaje. Ikienda vizuri, tuzungumze juu ya udiwani, ubunge na urais. Mzee Joseph Warioba, mwana wa hapa Bunda, aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyozunguka nchi nzima ikikusanya maoni, na mchakato ule ukasimama kabla ya wananchi kupiga kura ya maoni. Siku utakapofufuliwa, suala la umri liwe mezani. Na safari hiyo waulizwe vijana wenyewe, wakiwa shuleni na mialoni, bila wazazi kuwasimamia.

Na kabla ya 2029, kuna jambo ambalo halihitaji Bunge. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kushiriki katika uamuzi unaomhusu. Kwa hiyo, mwenyekiti wangu wa kijiji unayenisikiliza, na wewe mtendaji, mkutano mkuu ujao waiteni hawa wa miaka 16 na 17. Kura bado hawana, lakini mimi sijui sheria inayowakataza kukaa, kunyoosha mkono na kusema. Wapeni ajenda moja iwe yao, ya maji, ya barabara ya shule, au ile ya Desemba ambayo watu wazima hawapendi kuitaja. Wakisema, katibu aziandike hoja zao kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata msome mmetekeleza nini.

Nanyi vijana, mkiitwa nendeni. Msipoitwa, nendeni mkaulize kwa adabu kwa nini hamkuitwa. Anzeni na mwenyekiti wa kitongoji, nyumbani kwake mnapajua.